Mke Mwenza Wangu, Jumamosi

Mwezi huu naomba nikuibie siri ya nyumbani kwangu. Anayegombana na mume wangu kwa ajili yangu si mwanaume. Ni Jumamosi.

Mimi natangaza michezo ya vyuo hapa Ohio, Marekani. Ukiwa Dar unaweza kucheka, maana mechi za vyuo vyetu tulizoea kuangaliana wenyewe kwa wenyewe. Huku ni biashara ya mabilioni. Mlango ulifunguka 1984, Mahakama ya Juu ilipoiambia NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kuwa haiwezi kuhodhi futiboli ya vyuo kwenye televisheni. Tangu hapo kila mtu anauza mechi zake.

Nilipoanza 2006 nilikuwa redioni. Basi la timu, saa saba njiani, mwanamke peke yangu na begi la mitambo. Baba Imani akawa anajipikia ugali na kwenda harusini peke yake, watu wakimuuliza, "Shemeji yuko wapi?" Kuna siku nilimpigia simu kuwa nimechelewa, akajibu neno moja tu: "Sawa." Wanawake wenzangu, hiyo sawa mnaijua.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mechi nyingi zinarushwa kwa intaneti, kamera wanashika wanafunzi, na tangu korona ya 2020 nyingine natangaza nikiwa chumbani, macho kwenye skrini. Na wasichana wanaangaliwa, jamani! Fainali ya kikapu ya wanawake 2024, South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark, ilipata watazamaji zaidi ya milioni 18, ikaipiku ya wanaume. Mimi zamani mechi ya wanawake nilipewa kama adhabu.

Utadhani nyumbani sasa ni raha. Thubutu! Malipo ya kila mechi yameshuka, kwa hiyo natangaza nne kwa wiki. Baba Imani ananyata sebuleni, TV kaizima sauti. Mwezi jana aligonga ukuta, nikajua kachoka nami. Kumbe alikuwa anasikiliza, nimekosea jina la mchezaji.

Sasa nimepewa mkataba wa miaka miwili, kusafiri tena na timu, hela nzuri. Tulikaa mezani hadi saa nane usiku. Akaniuliza, "Mama Imani, ukiondoka, nani atanipigia kelele Jumamosi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jibu wanalitaka Ijumaa.