Neno la Juma Hili: Dereva Mpya na Deni Lake

Juma lililopita mzee mmoja, jirani yangu, alinijia jioni na simu mkononi. Mwanawe aliye Marekani alikuwa amempelekea karatasi za kampuni moja ya malori, iliyoahidi kumfundisha udereva bila malipo. Mzee akaniuliza, "Karani, mwanangu, kazi yako ni kusoma karatasi. Je, hii ni bure kweli?" Nilizisoma usiku ule mpaka mwisho, na kwa kuwa wako wasomaji wengine wenye vijana huko, naona yafaa niwaeleze niliyomweleza yeye.

Kwanza ijulikane kwamba mpango huu si udanganyifu. Lori kubwa lenye tela huendeshwa na mtu mwenye leseni ya daraja la A, na ada ya shule yake ni maelfu ya dola. Mgeni hana fedha hizo, na kampuni yahitaji madereva. Basi kampuni humlipia, naye hulipa kwa jasho lake.

Kijana hupimwa na daktari, na mkojo wake huchunguzwa kama ana dawa za kulevya. Kisha hufanya mtihani wa maswali ili apate kibali cha mwanagenzi, wala hawezi kujaribiwa barabarani kabla kibali hicho hakijatimiza siku 14. Tangu tarehe 7 Februari 2022 sheria yataka ajifunze kwanza, darasani na kwenye usukani, kwa walimu walioandikishwa na serikali. Lakini sheria hiyo haikutaja idadi ya saa, kwa hiyo shule nyingi huchukua majuma machache tu. Dereva wa kuvuka mipaka ya majimbo sharti awe na umri wa miaka 21. Kiingereza nacho si jambo dogo: tangu Juni 2025, dereva asiyeweza kuzungumza na askari wa barabarani au kusoma alama za njia huzuiwa asiendelee na safari.

Akiisha kupata leseni, asidhani amefika. Kampuni humtia katika lori pamoja na dereva wa zamani kwa majuma kadhaa, na watu wawili wasiojuana hula na kulala katika chumba kidogo nyuma ya usukani. Sheria yamruhusu dereva kuendesha saa 11 ndani ya muda wa saa 14, baada ya kupumzika saa 10. Basi mara nyingi mmoja huendesha na mwenziwe amelala, gari likienda. Mshahara wa mwanafunzi ni mdogo kuliko ule wa matangazo. Baadaye wengi hulipwa kwa maili, siyo kwa saa, na dereva akingoja nusu siku kupakia mizigo, huenda apate kidogo au asipate kitu.

Sasa tufike penye mwiba. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba kijana akiacha kazi kabla ya mwaka mmoja kutimia, atadaiwa ada yote. Mapatano ya namna hii ni ya kawaida huko, nami siwezi kuyalaumu ovyo. Ofisi yangu iliponipeleka kozi, nilitia sahihi ya kutumika miaka mitatu. Nikaitimiza, wala sijuti. Lakini mimi niliujua mshahara wangu kabla ya kushika kalamu. Katika karatasi za kijana huyu, mshahara haukutajwa mahali popote.

Basi nilimwandikia maswali manne, ayapatie majibu kwa maandishi. Je, deni hupungua kila mwezi anaotumika, au hubaki zima mpaka siku ya mwisho? Akiugua au akifukuzwa, atadaiwa? Atalipwa kiasi gani kwa juma akiwa mwanafunzi? Tena, ataandikwa kuwa mtumishi, au ataitwa mkandarasi anayejitegemea? Swali hili la mwisho lina maana. Dereva Dominic Oliveira, aliyeanza kama mwanagenzi, aliishtaki kampuni ya New Prime kwa madai ya malipo yake, nayo ikataka shauri litolewe mahakamani lipelekwe kwa msuluhishi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya taifa ya usuluhishi haiwezi kutumiwa kumlazimisha dereva kama yeye, hata kama mapatano yamemwita mkandarasi.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba amekwisha kuwaahidi wadogo wa kijana kuwa karo ya muhula ujao itatoka Marekani. Nikamwambia asiitegemee karo hiyo mwaka huu. Aliumia, nami niliona. Lakini wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Jana kijana ameleta majibu. Maswali matatu yamejibiwa vizuri. La kufukuzwa bado, naye hajatia sahihi.