Muuguzi mpya ameinama, cha mvunguni kiko wapi?

Hebu fikiria hivi. Umesomea uuguzi miaka minne chuo kikuu. Umeshika zamu za usiku wodini ukiwa bado mwanafunzi, umefanya mtihani wa chuo, ukaketi tena ule wa Baraza la Wauguzi, NCK, na ukapita. Nyumbani wamechinja kuku. Majirani wameshaanza kukuita daktari, na umechoka kuwarekebisha. Halafu unaambiwa: bado. Leseni ya kufanya kazi utaipata baada ya mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa. Sawa, unasema, niko tayari hata kesho. Unaulizia nafasi, na jibu ni lile lile: subiri Wizara ya Afya itoe orodha ya wanaotumwa.

Basi unasubiri.

Kabla hujafunga ukurasa huu ukisema hayo ni ya wauguzi, kumbuka siku utakayoangushwa na bodaboda. Daktari utamwona dakika chache. Anayekuwekea dripu, anayekupima presha saa tisa usiku, anayegundua kwamba kidonda kimeanza kunuka, ni muuguzi. Foleni yake ya leseni ni foleni yako pia, ila wewe utaikuta siku ya mwisho, ukiwa kwenye machela.

Tukubaliane kwanza kwamba mwaka wa uanagenzi si upuzi. Mwanafunzi wodini huwa nyuma ya mtu. Akikosea hesabu ya dawa, kuna mwingine wa kumshika mkono kabla sindano haijaingia. Mwanagenzi naye anapewa wagonjwa wake, anazungushwa katika idara mbalimbali, kuanzia wodi ya watoto hadi chumba cha kujifungulia na kitengo cha dharura, na anaanza kubeba lawama ya uamuzi wake huku mwenye uzoefu akiwa karibu. Nukta ikihama mahali pamoja kwenye dozi ya mtoto mchanga, dawa inageuka sumu. Mimi chuo sikumaliza, lakini hata mimi nataka anayeniwekea damu awe ameshaiweka mara nyingi mbele ya mtu anayejua.

Kenya haiko peke yake katika hili. Afrika Kusini imewawekea wauguzi wapya mwaka mmoja wa lazima wa kuhudumia jamii tangu 2008, na huko pia kuna malalamiko ya wahitimu wanaocheleweshewa nafasi. Kwa hivyo swali la kama mafunzo haya yawe lazima au la, mimi silipigii kelele. Yawe.

Linalonikera ni kwamba lazima hii ina upande mmoja. Mhitimu ambaye hajafanya uanagenzi hapati leseni, na akihudumu bila leseni anavunja Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Hapo sheria haina mzaha. Lakini uliza upande wa pili: ni nani anayevunja sheria gani iwapo mhitimu amepita mitihani yote na miezi kumi imeisha hajaitwa popote? Hapo kila mtu anaangalia dari.

Na si vigumu kuona kwa nini. Mwaka huu mmoja una wenyewe wanne. Baraza ndilo linaloidhinisha hospitali zinazofaa kupokea wanagenzi. Wizara ya Afya ndiyo inayowatuma. Hazina Kuu ndiyo inayotoa pesa za posho. Hospitali nyingi zinazowapokea ni za kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 iliwapa magavana huduma za afya mashinani. Ukienda kwa wa kwanza anakuelekeza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, na wa nne anakwambia hao wanagenzi si wake. Ni danadana, na mpira ni wewe.

Sasa angalia kinachotokea ukisubiri. Kwanza, mkono unasahau. Kazi ya muuguzi iko kwenye vidole: kutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji, kusikia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, kujua kwa kumtazama tu mgonjwa kwamba hali imebadilika. Ukikaa kejani mwaka mzima ukiuza nguo za mitumba mtandaoni, vidole hivyo vinapata kutu. Kinaya ni kwamba mwaka wa uanagenzi uliwekwa ili kunoa ujuzi, na kusubiri huo mwaka kunaubutua. Serikali inamharibu muuguzi kabla ya kumtengeneza.

Pili, deni halisubiri. Kama ulisoma kwa mkopo wa HELB, unatarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukikosa, kuna faini ya Sh5,000 kila mwezi. Piga hesabu. Ukitumwa hospitalini baada ya mwaka mmoja, unaanza uanagenzi siku ambayo HELB nayo inaanza kukutafuta. Taasisi moja ya serikali inakwambia wewe bado hujawa mfanyakazi, nyingine inakudai kama mfanyakazi, na zote mbili zina ofisi Nairobi.

Tatu, njaa ina mishauri yake. Ukiwa na njaa na ujuzi mkononi, kuna mwenye kliniki mtaani atakayekuita. Anajua huna leseni, kwa hivyo anakulipa anavyotaka. Mambo yakiharibika, yeye hakujui. Mgonjwa naye hajui kama aliyemdunga ana idhini. Tukisema uanagenzi ni wa kulinda maisha ya wagonjwa, basi kuwaacha waliohitimu wakizurura bila nafasi ni kuwahatarisha wagonjwa hao hao kwa mlango wa nyuma.

Halafu kuna hili ambalo huwachoma wengi. Kwa miaka mingi sharti hili limekuwa la wenye digrii. Aliyesomea diploma miaka mitatu hupita mtihani wa baraza na kusajiliwa bila kupitia mwaka huo. Simwonei wivu mwenye diploma. Wao ndio wamebeba hospitali zetu. Lakini mweleze mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto apate digrii kwamba jirani aliyesoma muda mfupi zaidi anaweza kuwa na leseni mfukoni huku wake akingoja orodha. Atakuuliza alichonunua ni nini.

Serikali ina jibu lake, na ni haki tulisikie: pesa hakuna. Tulilisikia vizuri 2024, madaktari walipogoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, siku 56. Kiini cha ugomvi kilikuwa hao hao wanagenzi. Mkataba wa 2017 ulisema daktari mwanagenzi alipwe Sh206,400 kwa mwezi. Serikali ikasema inaweza Sh70,000. Mgomo uliisha, suala la wanagenzi likabaki, na ilibidi kutishia mgomo mwingine ndipo Desemba 2024 serikali ikakubali kurudi kwenye mkataba.

Muuguzi mwanagenzi alikuwa wapi katika vichwa hivyo vya habari? Pembeni. Posho yake ni ya chini kuliko ya daktari mwanagenzi, na sauti yake pia. Lakini mgomo ule ulifichua kitu kinachomhusu moja kwa moja: mwanagenzi si mtu anayejifunza tu. Kama angekuwa anajifunza tu, hospitali zisingeyumba alipokosekana. Zinayumba kwa sababu anafanya kazi. Anajaza pengo la mtu ambaye kaunti haijamwajiri. Anayefanya kazi alipwe, na anayelipwa kidogo aambiwe mapema atalipwa ngapi na lini, ajue kama ataweza nauli na kodi ya chumba huko Lodwar au Hola anakotumwa.

Hoja ya pesa ina tundu lingine. Idadi ya wanafunzi wa uuguzi haianguki kutoka mbinguni. Vyuo vinafundisha kwa idhini ya baraza, na wanafunzi wanajulikana tangu mwaka wa kwanza. Serikali ina miaka minne ya kujua ni wangapi watamaliza na watahitaji nafasi. Harusi ya kesho unaweza kusema imekukuta huna pesa. Harusi uliyoambiwa miaka minne iliyopita, ukisema hukujipanga, tutakuuliza ulikuwa wapi.

Kuna wanaosema pia: mkiwapa leseni haraka, watapanda ndege. Nigeria ilifikiria hivyo. Februari 2024 baraza lao la uuguzi lilitangaza kwamba muuguzi lazima awe na uzoefu wa miaka miwili baada ya leseni kabla ya vyeti vyake kuthibitishwa kwa ajili ya kazi ng'ambo. Wauguzi wakaandamana. Sisi hatuwezi hata kuiga hoja hiyo bila kujichanganya, kwa sababu serikali yetu ndiyo inayopigia debe kazi za majuu. Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wahudumu wa afya huko. Novemba mwaka huo, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasikitika kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliopita. Ukitaka kuuza wauguzi nje na pia ubaki nao nyumbani, angalau waanze kwa kuwa wauguzi. Asiye na leseni hafai huku wala kule.

Na soko lipo. Shirika la Afya Duniani lilisema 2025 kwamba dunia ina wauguzi milioni 29.8, na kwamba upungufu mwaka 2023 ulikuwa milioni 5.8. Huku kwetu huhitaji takwimu; ingia wodi yoyote ya umma usiku uhesabu wagonjwa, kisha uhesabu wauguzi. Vidole vya mkono mmoja vitakutosha kwa hesabu ya pili.

Kwa hivyo nini kifanyike? Ninaona mambo matatu, na hakuna linalohitaji tume mpya. La kwanza, tarehe. Matokeo ya mtihani wa baraza yakitoka, siku ya kutumwa hospitalini iwe imeandikwa, tuseme ndani ya siku 90. La pili, orodha ya wazi: nafasi ngapi, hospitali gani, nani yuko mbele ya nani kwenye foleni, ili asiye na mjomba Nairobi ajue kwamba zamu yake haijarukwa. La tatu ndilo lenye meno. Siku hizo zikipita bila nafasi, mhitimu apewe leseni ya muda afanye kazi chini ya msimamizi katika hospitali yoyote iliyoidhinishwa, ya umma, ya misheni au ya kibinafsi, na muda huo uhesabiwe kama uanagenzi. Kuchelewa kuwe na gharama kwa anayechelewesha.

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye foleni hiyo, una silaha kuliko unavyodhani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya uamuzi wa kiutawala unaofanywa haraka, kihalali na kwa njia ya haki, na ukinyimwa haki yako una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ukiiandikia ofisi ya umma, inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Iandikieni Wizara. Ulizeni nafasi ngapi zimetengewa bajeti na mtatumwa lini. Andikeni mkiwa wengi, mhifadhi nakala, na wakinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ni kazi ya kuchosha, najua. Lakini barua yenye mhuri wa kupokelewa ina uzito ambao hashitegi haina.

Na ukikutana na mtu anayedai atakusukumia jina kwenye orodha kwa "chai" kidogo, kimbia. Utakuwa umelipia kitu ambacho ni haki yako, na bado hutakipata.

Kwako uliye kidato cha nne na unaota ile sare nyeupe: usiache kuota. Ila kabla ya kulipa karo, hakikisha chuo na kozi vimeidhinishwa na baraza, kisha tafuta waliomaliza mwaka uliopita uwaulize walisubiri uanagenzi kwa muda gani. Swali hilo moja litakueleza zaidi kuliko brosha nzima.

Wakubwa wetu hupenda kutuambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawa vijana wameinama miaka minne, mitihani miwili, na mkopo juu. Wamefika chini, wameingiza mkono, na hakuna kitu. Aliyeweka sharti ndiye mwenye kitanda. Na atuonyeshe alikiweka wapi.