Dawa ya maumivu ipande mlima

Mzee wa saratani aliyekwisha nguvu si wa kupakiwa bodaboda, akabanwa katikati ya dereva na mwanawe, na kuteremshwa kona za milima ya Amani, Tanga, hadi mjini Muheza kufuata dawa ya maumivu. Kwa familia za Kwamkoro, huko kwenye mashamba ya chai, mara nyingi njia ndiyo hiyo.

Taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni mbali zaidi. Madaktari wakishasema mionzi haitasaidia tena, safari ya huko humchosha mgonjwa na kukausha akiba ya nyumba. Anachohitaji hapo ni morfini ya kunywa, uji mwepesi kidogo kidogo, na kugeuzwa ubavu asipate vidonda. Kazi hiyo wasiachiwe mabinti peke yao. Wana wa kiume nao wana mikono.

Ili morfini ifike kijijini, tuige Uganda: imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuandika morfini tangu 2004. Wizara ya Afya iwape wauguzi wa zahanati zetu za milimani mafunzo na ruhusa kama hiyo, na halmashauri itenge mafuta ya pikipiki ya kuwafikisha kwa wagonjwa majumbani.