Hii Si Mambo ya Wazungu

Wenzetu wengine wanazarau teatre ya kushirikisha watu, ile ambamo mutazamaji anainuka, anachukua nafasi ya muchezaji na kuonyesha angefanya nini yeye. Eti ni mambo ya wazungu. Ni kweli, Augusto Boal wa Brazili ndiye aliieneza tangu miaka ya 1970. Lakini kuketi na mutu usiyemujua na kumusikiliza paka mwisho, sisi Wayira tulikuwa nako katika kyaghanda, penye moto. Leo nani kati yetu anawasha moto huo?

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yanatuletea watu huku Butembo, magodoro kichwani. Tunawapokea, ndiyo, na tunawaogopa pia: huyu ametumwa na nani? Kiisha Ebola, 2018 paka 2020, ikaua watu zaidi ya 2000 huku na Ituri. Hata mukono hatukupeana tena.

Basi mwenye nyumba wa Butembo acheze mupangaji aliyekimbia Oicha: anaombwa garanti ya miezi mitatu, watoto wako inje, mvua inanyesha. Atajibu nini? Mahubiri hayajamufikisha pale.

Ninachopinga mimi ni gari, banderole na kamera. Wanachezesha watu saa moja, wanapiga picha, wanakwenda. Mukimbizi amelia mbele ya kartie nzima, kesho hakuna anayemusalimia. Mucheze jioni, mbele ya nyumba, na majirani wenyewe. Kamera ibaki kwenye gari.