Ukulele Umefufuka, Taishokoto Je?

Ukifungua TikTok siku hizi, haipiti dakika kabla hujakutana na mtu kakumbatia kigitaa cha nyuzi nne. Ndio ukulele huo. Usiuchanganye na ukelele wa kuitia mwizi, ingawa jirani yako akianza kujifunza utaona tofauti si kubwa.

Wengi wanadhani ni fasheni mpya. Wapi! Ukulele ulizaliwa Hawaii baada ya meli ya wahamiaji wa Kireno kutoka Madeira kutia nanga Honolulu mwaka 1879, wakiwa na vigitaa vyao. Mwaka 1915 ukapigwa kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, Marekani ikapagawa. Miaka ya 1960 gitaa likaufunika, ukabaki kitu cha kuchekesha watu. Leo umerudi kwa kishindo. Kwa nini? Ni nafuu, unaingia kwenye begi la shule, mkao wa vidole mitatu tu unakutosha kupiga wimbo mzima, na mwalimu wa bure yuko YouTube.

Sasa turudi Pwani. Sisi nasi tulikuwa na chetu cha aina hiyo: taishokoto. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ina nyuzi na vitufe kama vya taipureta. Ikavuka bahari hadi Mombasa, na watu wa taarabu wakaifanya mwenyeji. Sikiliza rekodi za zamani za Zuhura Swaleh: ule mlio mkali unaofukuzana na sauti yake ndio wenyewe.

Kisha kinanda cha umeme kikaingia. Tuseme ukweli, mwenye harusi hana makosa. Mtu mmoja na kinanda chake ni rahisi kumlipa kuliko kundi zima. Lakini hapa Mtwapa muziki unalia hadi alfajiri, na bado sijakutana na kijana wa miaka 20 anayejua kupiga taishokoto.

Kuna watakaosema basi iwekwe makumbusho. Hapana bana. Ukulele haukuokolewa na kabati la kioo, uliokolewa na mikono ya vijana. Na sisi muda hautungoji, manake wazee walioipiga wanazidi kupungua. Wakiondoka, rekodi itatuambia inalia vipi, lakini haitatuonyesha vidole vinakwenda wapi.

Kwa hivyo, kaunti za Kilifi na Mombasa, mkipanga bajeti ya tamasha, tengeni kitu cha kumlipa mzee mmoja afunze kila Jumamosi. Walimu wa CBC, watoto wameshashika filimbi za plastiki, waiteni wazee hao darasani pia. Na wewe mwenye simu, ukimpata anayeijua, mwombe ruhusa umrekodi. Usihangaike na sura. Lenga vidole, kisha pakia.