Kabla hujaweka bastola chini ya mto

Ukiketi kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale baada ya Isha, kahawa ikizunguka, hutakosa kusikia habari za vijana wenye mapanga. Nani kavamiwa Kibokoni, nani kapokonywa simu akitoka Makadara. Na jawabu linalotolewa na wenye maduka na wenye majumba ni moja: "Nitaomba cheti, ninunue bastola." Tena si bastola yoyote. Wengi wanataka ile fupi iingiayo mfukoni, yenye silinda ya kuzunguka na tundu tano za risasi nene. Husema ni nyepesi kuficha, haikwami, na risasi yake moja yatosha kumwangusha mtu.

Mimi si askari wala wakili. Lakini watu hawa huja kwangu wakitaka ripoti ya kuonyesha kuwa wana afya na akili timamu, kwani Sheria ya Silaha, Sura 114, hairuhusu cheti kupewa mlevi wala mtu asiye na akili timamu. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, na tangu hapo maombi ya ripoti yamekuwa ni sehemu ya kazi yetu. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, nakueleza yale ninayowaeleza wao. Rai yangu naitoa mapema: kwa wengi wenu silaha hii italeta hatari kubwa zaidi ndani ya nyumba kuliko ile itakayoizuia mlangoni.

Tuanze na sikio, kwa sababu hakuna mnunuzi anayeliuliza. Kelele ya ghafla ikipita desibeli 140 huweza kudhuru sikio mara moja, bila ya kungoja miaka. Kishindo cha bastola fupi yenye risasi nene hupita desibeli 150. Mtutu ukiwa mfupi, baruti nyingi huwakia nje, karibu na uso wa mpigaji. Na kwenye bastola ya silinda kuna mwanya mdogo baina ya silinda na mtutu, ambamo moto na hewa ya moto hutoka pia kwa ubavuni. Wajuzi huonya kwamba kidole kisiwekwe karibu na mwanya huo. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena. Dawa ya kuviotesha hatuna, wala si mimi wala si daktari bingwa.

Sasa fikiria chumba cha kulala katika nyumba zetu za kale, kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ya boriti, dirisha dogo. Sauti haina pa kutokea. Katika uwanja wa kulenga shabaha mtu huvaa vizibo vya masikio na juu yake vifuniko, na hivyo ndivyo itakiwavyo. Lakini saa nane ya usiku, mlango ukigongwa kwa kishindo, nani atakumbuka vifuniko? Utafyatua mara mbili, na mkeo aliye kando yako, na mtoto aliye kitanda cha pili, watabaki na mlio masikioni kama wa nyenje, labda maisha yao yote.

Jambo la pili ni teke. Silaha nyepesi ikitoa risasi nzito, nguvu yote hurudi mkononi. Mzee mmoja mwenye duka, mwenye baridi yabisi ya vidole, aliniambia atajizoesha. Nikamjibu, "Ami, kidole gumba chako hakifungui hata chupa ya dawa niliyokupa." Alicheka, lakini ripoti hakuichukua siku ile. Hata vijana wenye mikono mizima hupata taabu kulenga kwa mtutu mfupi kama huo, na anayeumia mkono kila afanyapo mazoezi huacha mazoezi. Hapo ndipo hatari inapozidi, kwani huyo ana silaha asiyoijua. Risasi hiyo, yenye upana wa karibu milimita 11, ikikosa mwizi haisimami hewani. Ukuta wa matumbawe huenda ukaimeza, lakini vichochoro vyetu ni vyembamba hata dirisha la jirani latazamana na lako. Na katika fleti mpya za Tudor na Ganjoni, mlango wa mbao au ukuta mwembamba wa chumba si ngao.

Risasi nazo mara nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, na moshi wake huingia mapafuni. Mwenye kufanya mazoezi anawe mikono kabla ya kula, abadilishe nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Nikija kwa watoto, naomba usinitoe hoja kwamba bastola hii ni ngumu kufyatua. Ni kweli kifyatulio chake huhitaji nguvu ya kilo nne au tano usipoitegua kwanza. Lakini uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulipima nguvu za vidole vya watoto. Mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 3 na 4 aliweza uzito wa kilo nne na nusu kwa vidole viwili. Kwa wale wa miaka 7 na 8, tisa katika kumi waliweza. Na bastola nyingi za aina hii hazina kizuizi cha usalama cha kubonyeza kwa kidole. Chini ya mto si mahali pa kuiweka, wala juu ya kabati, wala ndani ya sanduku la kangazi za bibi. Watoto wa Mombasa wanajua kila kilichofichwa nyumbani, hasa siku za kuamkia Idi.

Liko jambo zito zaidi, na watu wetu hawapendi kulitaja. Uchunguzi mkubwa wa California uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi karibu mara nane zaidi ya wanaume wasiokuwa nazo. Silaha haimtii mtu huzuni. Ila saa ya kukata tamaa aghalabu ni fupi, hupita, na mtu aliyeokoka mara nyingi huishi akazeeka. Bali akiwa na bastola karibu hapati nafasi hiyo. Hapa Kenya kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu hicho Januari 2025, na woga wa polisi uliwafunga wengi midomo. Sasa semeni. Ikiwa ndani ya nyumba yupo aliyefilisika, aliyefiwa, mlevi au asiyelala usiku, silaha itoke kwanza, kisha mgonjwa aletwe.

Ikitokea mtu amepigwa risasi, mbonyeze kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote na usiachilie. Mkono au mguu ukivuja sana, funga kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, ukaze mpaka damu isimame, na ukumbuke saa. Usimpe maji. Usiingize kidole kuitafuta risasi. Rais Garfield wa Marekani alipigwa Julai 1881 kwa bastola fupi nene ya Kiingereza iitwayo Bull Dog, babu wa hizi zinazotamaniwa leo. Madaktari walimchokora kwa vidole visivyooshwa, akaoza kidonda, akafa baada ya siku 79. Risasi peke yake huenda isingemuua. Mkimbize majeruhi hospitali, na usianze kutafuta fomu ya P3: Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kwa mwenye cheti tayari: sanduku la chuma lililofungwa, risasi mbali na bastola, ufunguo kwako peke yako. Na umwambie mtu mzima mmoja wa nyumbani kwamba silaha ipo. Mwenye cheti hufariki, matanga yakaisha, na mjane akaja kukuta bastola imejaa risasi kwenye kabati ya nguo. Asiiguse, asiigawe kama urithi. Awatoe watoto, afunge chumba, awaite polisi waje kuichukua.