Laptopu Yako Haijazeeka

Fundi akikuambia laptopu yako ya GB 4 imezeeka, mkatalie. Inazeeshwa. Windows 95, mfumo mzima, iliweza kuwaka kwa megabaiti 4 za RAM. Leo habari moja ya gazeti, aya sita tu, inaweza kumeza megabaiti mia kadhaa kwenye kivinjari, na kinachomeza si habari: ni matangazo, video ambayo hukuiomba na vijiprogramu vya kukuchungulia unasoma nini.

Kivinjari kina utetezi wake. Tangu itoke mwaka 2008, Chrome hutenganisha vichupo ili kimoja kikikwama vingine visife. Mwaka 2018, baada ya dosari ya Spectre kugunduliwa kwenye prosesa, ikatenganisha hata tovuti, na RAM ikaliwa zaidi. Hiyo ni bei ya usalama, nailipa.

Lakini takataka za kwenye kurasa nazilipia nini? Sisi wa tasnifu, wenye makala kumi wazi na feni inayolia kama mashine ya kusaga, tunaambiwa tufunge vichupo. Mimi sifungi. Nimeweka kizuia matangazo, na gazeti likilalamikia mapato, liniwekee tangazo la picha moja iliyotulia. Nitalitazama.